JUA LETU, TANURI LETU: LAKINI KIVULI KIWE CHA KWANZA

Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya dayosisi mbele ya kamati za sharika na wafadhili, Nassa, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu

 

 Tumeombwa tuzungumze juu ya karakana yetu ya mafunzo ya ufundi wa magari, na tumechagua jambo moja tu: namna tunavyokausha rangi na praima kwa kutumia jua. Huenda wapo watakaojiuliza kama hilo nalo ni la kuitia mkutano. Tunaomba mtuvumilie. Ndani ya jambo hili linaloonekana dogo zimo fedha zenu, yamo magari yenu, na yamo mapafu ya vijana wenu. Na mwisho wa mada tutaleta ombi ambalo halikuwamo katika andiko la mradi mliloidhinisha.

ANDIKO LILISEMA NINI

Kama mnavyokumbuka, katika andiko lile tuliomba tanuri la kuokea rangi. Hiki ni chumba kilichofungwa ambamo gari huingizwa baada ya kupakwa rangi, hewa ya moto ikapulizwa humo, na rangi ikakauka kwa muda mfupi. Katika karakana kubwa za mijini kazi hii hufanyika kwa joto la nyuzi kama 60 za Selsiasi, kwa muda wa karibu nusu saa. Tuliona wenzetu wanalo, nasi tukatamani. Tulidhani kwamba kinachoitofautisha kazi ya fundi wa mjini na ya fundi wa chini ya mwembe ni tanuri.

Baada ya kufanya kazi na kukosea, tumebadili mawazo. Tanuri la kuingiza gari zima linahitaji umeme mkubwa wa njia tatu, au kichoma dizeli cha kulipasha. Siku umeme ukikatika, au dizeli ikiadimika, tanuri hugeuka kuwa ghala. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi hapa Nassa, kusini kidogo ya ikweta, kando ya ziwa lililo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, tuna tanuri lisilodai ankara. Tatizo letu lilikuwa kwamba hatukujua kulitumia.

KOSA LETU LA KWANZA

Tutaanza na kosa, kwa sababu lililipiwa kwa michango yenu nanyi mnastahili kulisikia kutoka kwetu wenyewe.

Usharika mmoja ulituletea pikapu yake siku ya Alhamisi. Boneti ilikuwa na kutu na mlango mmoja umebonyea. Walitaka gari Jumamosi, kwa sababu lilitakiwa kubeba maharusi. Tulikubali. Bodi ilinyooshwa usiku, puti ikapakwa, praima ikapulizwa asubuhi ya Ijumaa, na rangi ikafuata mchana, tabaka tatu bila kupumzika. Kisha tukalisukuma gari juani saa saba, wakati wa jua kali kuliko yote, tukiamini kwamba jua likizidi ndivyo rangi inavyokauka vizuri.

Jioni gari lilimeremeta. Watu walipiga vigelegele, nasi tukajipongeza. Wiki haikuisha, boneti ikatoka vipele vidogo vidogo, kama ngozi ya mtoto mwenye tetekuwanga. Ukikibonyeza kipele kwa ukucha kinapasuka, na chini yake unaliona bati. Tuliikwangua rangi yote na kurudia kazi kwa gharama zetu, maana yake kwa gharama zenu.

Tulipomuuliza mwalimu wetu wa ufundi sababu ya vipele vile, alitujibu kwa mfano wa jikoni. Ukiinjika uji ukauacha, juu yake hutanda utando. Ukichochea moto wakati utando umekwisha kutanda, mvuke wa chini hukosa pa kutokea, nao huufumua utando kwa mapovu. Ndivyo ilivyokuwa kwenye ile boneti. Jua lilikausha ngozi ya juu kwanza, thina ikabaki imefungiwa chini, na bati lilipopata moto thina ile ikatafuta njia.

Akina mama wa mwaloni waliokuwapo walicheka. Mmoja akasema hata dagaa ukiwaanika kwa tabaka nene hukauka juu wakaoza chini. Elimu hiyo ilikuwapo hapa ziwani siku zote, ila hatukuwa tumeihamishia kwenye bati.

RANGI HUKAUKAJE

Ndugu wajumbe, neno "kukauka" linatudanganya. Rangi zote za magari hukauka machoni mwa mteja, lakini kwa kweli kila jamii ina njia yake, na kila njia inalihitaji jua kwa namna yake.

Jamii ya kwanza ni rangi za selulosi, ambazo mafundi huziita NC. Hizi hukauka kwa thina kuondoka tu, kama nguo inavyokauka kwa maji kuondoka. Ukizipangusa kwa thina hata baada ya mwaka, huyeyuka tena. Jua huziharakisha, lakini haliwezi kuzifanya ngumu kuliko asili yake.

Jamii ya pili ni rangi za mafuta, ambazo kwa lugha ya kiwandani huitwa za alkidi. Hizi, baada ya thina kuondoka, huvuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka kuwa ngumu polepole. Joto huzisaidia. Zikipakwa nene, juu hukauka na kujikunja kama ngozi ya mzee, chini zikabaki laini kwa siku nyingi.

Jamii ya tatu ni rangi na praima za kuchanganya na hadina. Hapa vitu viwili hukutana na kufungamana, na vikishafungamana havirudi nyuma. Kazi hii haingoji oksijeni wala mwanga. Inachohitaji ni joto na muda. Mafundi wana kanuni ya kukadiria, kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kufungamana huongezeka karibu mara mbili. Pigeni hesabu wenyewe: kazi ya saa 8 kwa nyuzi 20 huwa saa 4 kwa nyuzi 30, saa 2 kwa nyuzi 40, saa 1 kwa nyuzi 50, na nusu saa kwa nyuzi 60. Ndiyo hesabu ya tanuri la mjini.

Ipo na jamii ya nne, praima mpya zinazogandishwa na mionzi ya urujuanimno, ambayo ni sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho. Praima hizi, zikipakwa na kutolewa juani, huweza kuwa tayari kwa msasa katika muda wa dakika chache. Hapa kweli ni mwanga unaofanya kazi, wala si joto. Huhifadhiwa katika chombo kisichopitisha mwanga, na bunduki ya kupulizia haiachwi juani, la sivyo praima huganda humohumo. Tena hazigandi chini ya bati angavu la plastiki ya polikaboneti, kwa kuwa plastiki hiyo huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno hata kama mwanga unaonekana kupita. Sisi hatuzitumii, kwa sababu ni ghali. Tunazitaja ili kijana wetu akizikuta kazini asishangae.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: katika jamii tatu tunazozitumia, linalofanya kazi kubwa ni joto la bati lenyewe. Mwanga wa jua ni njia tu ya kulifikisha joto hilo. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "jua ni kali?" bali "bati lina nyuzi ngapi?"

Tangu mwanzo adui wa mchora magari amekuwa muda. Zamani za magari ya kwanza huko Marekani, kupaka gari na kusubiri likauke kulichukua wiki nyingi. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors ilianza kutumia rangi ya selulosi iliyoitwa Duco katika magari ya Oakland, na wiki zile zikawa saa. Katika miaka ya 1930 watu wa Ford wakatumia taa za joto kukaushia rangi. Wao ilibidi wajitengenezee jua ndani ya kiwanda. Sisi tumepewa jua lenyewe, tukalitumia ovyo.

JUA LA NASSA NI LA NAMNA GANI

Saa za mchana anga likiwa safi, kila mita moja ya mraba inayolielekea jua hupokea nguvu ya karibu kilowati moja. Hiyo ni sawa na pasi moja ya umeme. Boneti ya Land Cruiser, basi, ni kama imewekewa pasi moja na zaidi, bila waya.

Lakini si kila bati huupokea moto huo sawasawa. Bati jeusi huumeza, bati jeupe huurudisha. Hewa ya mchana kando ya ziwa ikiwa nyuzi 28 au 30, boneti nyeusi inaweza kupita nyuzi 60, wakati boneti nyeupe iliyo jirani yake bado ni ya kushikika kwa mkono. Kwa hiyo gari jeupe linahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko jeusi, na fundi anayetumia saa yake ya mkononi peke yake atakosea mojawapo. Ndiyo maana tulinunua kipimajoto cha kugusisha kwenye bati. Ni kifaa kidogo, na mpaka leo hatujanunua kingine kilichotufaa kama hicho.

Jambo la pili ni milango. Hapa kwetu, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la mchana hupita juu ya utosi kabisa, na miezi mingine halikai mbali sana na hapo. Adhuhuri ya jua kwetu huwa kwenye saa saba kasoro robo hivi. Wakati huo paa na boneti vinaoka, lakini milango iliyosimama wima haipati kitu; jua linateleza tu pembeni yake. Tulikuwa tukilipa gari saa mbili za adhuhuri na kujiuliza kwa nini paa ni gumu na milango inanata.

Dawa yake haikugharimu senti. Gari tunaliegesha likitazama kaskazini au kusini, ili milango ya upande mmoja ielekee mashariki na ile mingine magharibi. Jua la saa tatu na saa nne asubuhi huipiga milango ya mashariki, adhuhuri hulipiga paa, na jua la saa tisa alasiri huipiga milango ya magharibi. Mlango uliofunguliwa kutoka kwenye gari tunaulaza juu ya kichanja kama tunavyoanika dagaa.

Jambo la tatu ni majira. Kuanzia Juni hadi Septemba jua ni la uhakika, lakini upepo unarusha vumbi, na vumbi likitua kwenye rangi mbichi haling'oki. Tunamwagia uwanja maji kabla ya kutoa gari. Wakati wa mvua vumbi hupungua, ila wingu la ghafla huweza kutuharibia kazi ya siku mbili. Na sisi wa ziwani tuna mgeni wetu wa pekee: wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi. Wakitua kwenye rangi iliyolowa, kazi imekwisha. Hao huvutwa na taa usiku. Kwa hiyo hatupaki rangi jioni kwa taa, na gari lililolowa haliachwi nje usiku, kwa sababu yao na kwa sababu ya umande.

UTARATIBU TUNAOUFUATA SASA

Baada ya makosa hayo tuliandika utaratibu, tukaubandika ukutani kwa maandishi makubwa. Tunausoma hapa ili kamati ziujue na zitudai.

Moja, rangi hupulizwa kivulini, asubuhi, bati likiwa baridi. Rangi ikipulizwa juu ya bati la moto hukauka kabla ya kutandazika na kuacha uso wa mchangamchanga.

Mbili, kati ya tabaka na tabaka tunasubiri dakika 10 hadi 15, au kadiri kopo linavyoelekeza, mpaka ung'avu wa maji upotee.

Tatu, baada ya tabaka la mwisho gari hukaa kivulini kwa nusu saa hivi ili thina itoke kwanza. Hapo ndipo linapotolewa juani. Hatua hii ndiyo tuliyoiruka kwenye gari la harusi.

Nne, joto la bati hupimwa kila nusu saa na kuandikwa kwenye daftari. Muda wa kuoka huhesabiwa tangu bati lilipofikia joto, si tangu gari lilipotoka kivulini. Bati likipita nyuzi 70 tunalifunika kivuli, maana puti na plastiki nazo zina mipaka yake.

Tano, hatumwamini mteja wala jicho. Kwa rangi ya hadina tunapangusa sehemu iliyofichika kwa kitambaa chenye thina kidogo; rangi ikitoka kwenye kitambaa, bado haijafungamana.

Sita, gari halitoki karakana likiwa na praima peke yake. Mnayaona barabarani, kutoka Lamadi kuelekea Mwanza, magari yenye mabaka ya kijivu. Wenyewe hudhani praima ni kinga. Praima nyingi zina vitundu visivyoonekana na hunywa maji. Gari moja tulilitoa hivyo kwa kuwa mwenyewe aliishiwa fedha, akaahidi kurudi. Alirudi baada ya mvua, na kutu ilikuwa imetangulia kurudi kabla yake.

LISILOWEZWA NA JUA

Ndugu wajumbe, mpaka hapa mtaona kama tumekuja kujisifu. Tunafika sasa kwenye jambo lililotufanya tubadili ombi letu.

Jua hukausha rangi, lakini haliisafishi hewa anayoivuta kijana anayeipuliza. Hadina nyingi za rangi za magari zina kemikali za jamii ya isosianeti. Kemikali hizi ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana duniani vya pumu inayotokana na kazi. Hazina harufu kali ya kumwonya mtu kama thina inavyomwonya. Na mtu ambaye mwili wake umekwisha kuzikataa, hata kiasi kidogo sana baadaye huweza kumbana kifua.

Tulikuwa na kijana hodari. Mkono wake kwenye bunduki ya rangi ulikuwa mwepesi kuliko wa walimu. Alikuwa akifunga kitambaa puani, kama mafundi wengi wanavyofanya, nasi tulimwona na hatukumkataza. Tulidhani kwa kuwa tunapulizia nje, mahali penye upepo, hakuna la kuogopa. Akaanza kukohoa usiku. Tukasema ni vumbi la kiangazi. Mama yake alipokuja kutuambia kwamba mtoto analala ameketi, ndipo tulipompeleka hospitali. Daktari alimwambia asiiguse tena rangi ya hadina maisha yake yote.

Kijana huyo sasa anajifunza umeme wa magari, na tunamshukuru Mungu anaendelea vizuri. Lakini fundi yule tumempoteza, na mama yule alitukabidhi mtoto mwenye mapafu mazima. Hatuna neno la kulipunguza jambo hilo.

Kitambaa hakizuii mvuke wa hadina. Barakoa ya karatasi haiuzuii. Kinachoshauriwa kwa kazi hii ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mahali pengine. Tena hatari haiishi bunduki inapozimwa: rangi inapooka juani bado inatoa mvuke wa thina, na mtu akiipiga msasa kabla haijafungamana vizuri, vumbi lake nalo lina sumu. Uwanja wetu wa kuanikia ulikuwa pembeni ya jiko la wanafunzi. Tumeuhamisha. Rangi za zamani, hasa njano na nyekundu, huweza kuwa na risasi. Hizo tunazipiga msasa kwa maji ili vumbi lisiruke, na maji yake hatuyamwagi kuelekea ziwani.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Nasi tusijifiche nyuma ya neno "mwanafunzi" au "mradi wa kanisa". Aliyeshika bunduki ni kijana wa mtu.

OMBI LETU

Wenzetu wa Kenya ndio waliowapa mafundi wa nje jina la jua kali, na jina hilo limetumika hata katika nyaraka za serikali tangu miaka ya 1980. Watu hulitaja kama sifa ya uvumilivu. Lakini tukumbuke kwamba Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi mwaka 1985, ahadi aliyowapa ilikuwa ya mabanda. Hata fundi wa jua kali, kitu cha kwanza anachohitaji ni kivuli.

Kwa hiyo ombi letu kwa wafadhili na kwa kamati ni hili. Fedha iliyotengwa kwa ajili ya tanuri isinunue tanuri. Tunaomba kibali cha kuitumia kwa mambo manne. La kwanza, barakoa za hewa ya mpira pamoja na mashine ya kuzipatia hewa safi, na hizi zinunuliwe kabla ya kitu kingine chochote. La pili, banda la kupulizia rangi, lililo wazi pande zote, lenye sakafu ya saruji isiyotoa vumbi. La tatu, uwanja wa kuanikia wenye changarawe na vichanja vya milango, mbali na jiko na madarasa. La nne, vipimajoto zaidi, ili kila kikundi cha wanafunzi kiwe na chake.

Mpaka barakoa hizo zitakapofika, tumesimamisha rangi za hadina. Wanafunzi wanajifunza kwa rangi za selulosi na za mafuta. Nazo zina thina, hivyo huvaa barakoa yenye kichujio cha mkaa. Tunajua uamuzi huu unatupunguzia wateja, maana wenye magari mazuri wanataka rangi ya hadina. Mapato ya karakana yameshuka, na mtayaona hayo kwenye taarifa ya fedha. Tumeona ni heri mwisho wa mwaka tujieleze mbele yenu juu ya pengo la mapato kuliko kujieleza mbele ya mama mwingine.

Wafadhili wetu watatuuliza, na wana haki kutuuliza: je, bila tanuri karakana itaweza kushindana? Jibu letu ni kwamba kwa siku nyingi za mwaka, gari lililopakwa vizuri kivulini na kuokwa juani kwa utaratibu hutoka na rangi ngumu ya kuridhisha. Siku za mawingu tutachukua siku mbili au tatu badala ya moja, na tutamweleza mteja hivyo kabla hajaacha funguo. Jambo la kuchelewa linasemeka. Vipele na pumu havina maelezo.

Na kwenu kamati za sharika tuna ombi lisilohitaji fedha. Msituletee gari Alhamisi mkilitaka Jumamosi. Mkituletea, tutawaambia hapana, na tunaomba msiende kwa mwenyekiti kulalamika. Gari la usharika likihitajika kwa harusi au sikukuu ya mavuno, lileteni wiki mbili kabla. Likitoka, msilioshe kwa sabuni wala kulipiga polishi kwa siku saba, kwa kuwa rangi huendelea kukomaa hata baada ya kuonekana kavu.

Wazee wetu husema usione vyaelea, vimeundwa. Gari linalomeremeta barabarani limepita mikononi mwa kijana fulani, aliyesimama kivulini asubuhi akisubiri dakika zake 15, akalisukuma juani, akapima, akaandika, akasubiri tena. Tunataka kijana huyo amalize mafunzo akiwa na ufundi mikononi na pumzi kifuani. Jua litatusaidia kwa hilo la kwanza. La pili liko mikononi mwetu sisi tulioketi hapa.

Fomu ya kubadili matumizi ya fedha ipo mezani kwa katibu. Tunaomba kila kamati iijadili na kurudisha majibu kabla ya mkutano ujao, na wenye maswali tupo hapa mpaka jioni. Yeyote anayetaka kushika boneti ya gari jeusi na ya gari jeupe yaliyoko uwanjani, ajionee mwenyewe tofauti, karibuni. Tunashauri mwanze na ile nyeupe.